Ndago ya Baridi ya Mbizi

Moshi ulipoonekana juu ya milima ya Mbizi, Mwalimu Silvana alikuwa anafundisha hesabu katika shule ya misheni, Sumbawanga. Vita vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita. Alimwomba mwenzake amwangalizie darasa, akatoka mbio hadi ofisi ya kilimo.

"Bwana Eustaki! Wanachoma majani Mbizi!"

Eustaki, msaidizi wa bwana shamba, hakuuliza sababu. Kila kiangazi wafugaji huchoma nyasi kavu ili ng'ombe wapate majani mabichi. "Upande gani?"

"Upande wa kinamasi chetu!"

Tangu masika wawili hao walikuwa wakibishana juu ya mmea mmoja. Waliuchuma pamoja kwenye kinamasi cha juu kabisa, ambako asubuhi za baridi umande huganda na kuwa mweupe kama chumvi. Ulikuwa mfupi, mgumu, na shina lake lilikuwa la pembe tatu. Ukilizungusha vidoleni unazihisi kingo. Eustaki alisema ni ndago tu, kama ile inayosumbua mashamba ya mahindi, ila hii imedumazwa na baridi. Silvana alikataa katakata. Kwake huo ulikuwa Carex, binamu wa ndago, ambaye kila mbegu yake hufungwa ndani ya kifuko. Tena ni ile aina inayoota kwenye vilele vya milima mikubwa ya Afrika Mashariki, yenye mbegu za pande tatu. Lakini maua waliyoyakausha yalikuwa machanga, na bila mbegu pevu hapakuwa na wa kumshinda mwenzake. Sasa mbegu zilikuwa zimekomaa, na moto ulikuwa unazifuata.

Waliendesha baiskeli mpaka njia ilipokatika, wakakwea kwa miguu. Silvana aliikaza kanga kiunoni. Walipofika juu, mteremko mzima ulikuwa mweusi, na ndimi za moto zilikuwa zinalamba ukingo wa kinamasi. Mzee Zenon, mwenye ng'ombe, alikuwa anautazama pamoja na wanawe.

"Shikamoo, baba," alisema Silvana.

"Marahaba. Mwalimu, mnatafuta nini motoni?"

"Yale majani mafupi ya majini. Tunaomba yasiungue!"

"Yale?" Mzee alishangaa. "Hata ng'ombe hawayataki." Hata hivyo alikata tawi bichi, akawaita wanawe, na wote wakaanza kuupiga moto. Silvana alipiga huku akikohoa, machozi yakimchuruzika, mpaka miali ya mwisho ikafia kwenye tope.

Hakungoja kupumzika. Alipiga magoti matopeni, akachuma suke jeusi, akapasua kitumba kimoja kwa ncha ya pini.

"Kifuko! Eustaki, kifuko!"

Eustaki alishika kioo cha kukuzia, akatazama, akatazama tena, kisha akaangua kicheko. "Nimeshindwa. Si ndago."

"Si nilikwambia!" Silvana aliitoa mbegu, akaigeuza kwenye kiganja. Mbegu ya ile aina ya vilele ilipaswa kuwa na pande tatu. Hii ilikuwa bapa kama dengu. Alipasua nyingine, ikawa bapa. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Ina pande mbili," alinong'ona. "Basi hata mimi nimekosea."

Walitazamana, nyuso zimejaa masizi. Hakuna aliyeona aibu. Kitu ambacho wote wawili walikikosea ndicho kilichowafanya wapige kelele kama watoto walioona mvua.

Eustaki alifungua kitabu cha mimea juu ya jiwe. Silvana alisoma sifa, Eustaki akakagua: suke jeusi, mbegu bapa, vinyuzi viwili vya kunasia chavua badala ya vitatu. Kitabuni waliteremka kundi hadi kundi, mpaka wakafikia ukoo unaoota kwenye milima yenye theluji na nchi za kaskazini ambako bahari huganda.

"Bahari huganda!" Silvana alirudia. "Na ndugu yao yuko hapa Ufipa!"

"Huenda ni mmoja wao. Huenda ni ndugu asiyepewa jina bado," alisema Eustaki.

Mzee Zenon alisogea. "Basi linaitwaje?"

"Hatujui bado, baba. Tumeujua ukoo wake tu."

"Na kwa hilo mnaruka hivyo?"

"Kwa hilo hilo, baba!" Silvana alicheka, akarudi matopeni kutafuta suke jingine.