Boksi la Mwisho la Risasi za Karatasi

Siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, Ardis Tvedt aliamka mapema, akawasha jiko kwa magunzi ya mahindi, kisha akazipanga zile risasi kwenye rafu ya juu ya jiko, pale wanapowekea mikate isipoe. Zilikuwa risasi za zamani za bunduki ya marisau, zile zenye ganda la karatasi na kitako cha shaba. Zilikuwa zimekaa kwenye stoo ya chini ya nyumba pamoja na viazi, na karatasi ikikaa na viazi hunywa unyevu ikavimba. Risasi iliyovimba haiingii kwenye mtutu, na ikiingia haitoki. Kwa hiyo Ardis alizigeuza moja moja kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayegeuza mayai chini ya kuku anayeatamia. Wekundu wa maganda ulikuwa umefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno.

Siku hizi watu wote walipiga za plastiki. Za plastiki hazina shida na mvua, lakini pia hazina harufu. Ile ya karatasi, ukishapiga na kuikunjua bunduki, kunatoka moshi mwembamba wa nta, baruti na karatasi iliyoungua, na wanaume wazima wa upande ule wa Dakota Kusini walikuwa wakilinusa ganda tupu na kunyamaza kimya kama wako kanisani. Hili lilikuwa boksi la mwisho. Likiisha, basi.

Norval, kaka yake, aliingia jikoni bila kubisha, buti zina tope. Nyuma yake alikuja mkwewe, Craig, kijana mpole wa Minneapolis aliyekuja kuwinda kwa mara ya kwanza.

"Umeziona?" Norval alimwambia Craig, akinyanyua moja. "Angalia mdomo ulivyokunjwa. Sawasawa pande zote, kama ukingo wa sahani. Baba alikunja hivi kwa vidole viwili! Mashine ya kuvunia mahindi ilimla vitatu vya mkono wa kulia, lakini majira ya baridi hayo hayo akakaa mezani akatengeneza risasi za msimu mzima. Kwa vidole viwili!"

"Acha bwana," Craig alisema, macho yamemtoka.

"Na haikuwahi kugoma hata moja. Watu walikuwa wanatoka kaunti ya pili kuja kumwomba."

Ardis alimimina kahawa. Mkono uliokunja midomo ile ulikuwa ndio huo ulioshika birika. Alikuwa msichana wa darasa la sita majira yale ya baridi. Baba alijaribu jioni ya kwanza, baruti ikamwagika mezani, marisau yakatawanyika sakafuni yakawa yanakimbia chini ya kabati, na baba akaweka uso kwenye kiganja chake kizima. Ndipo Ardis akavutiwa kiti mezani. Alijifunza kupima baruti kwa kikombe kidogo, kushindilia kizibo cha sufi bila kukibonyeza kupita kiasi, kumimina marisau, kuweka kikaratasi cha kufunika, kisha kuzungusha mpini wa kikunjio cha midomo kilichofungwa ukingoni mwa meza. Alizungusha mpaka bega likawaka moto, majira baada ya majira. Norval alikuwa ameketi ng'ambo ya meza hiyo hiyo akila tufaha. Baba aliwaangalia wote wawili akasema, "Haya ni ya humu ndani." Yakawa ya humu ndani. Baba alikufa, mama akafuata, na sasa aliyeona kwa macho yake amebaki Norval peke yake, na Norval ana moyo mbovu na daktari ameshamwonya.

Craig alipotoka kumfungulia mbwa, Ardis alisema, "Norval. Hili ndilo boksi la mwisho. Leo useme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Haya, haya, mdogo wangu. Tutaona. Hakuna keki ya kunywea kahawa hii?"

Saa sita mchana, saa inayoruhusiwa, wakaanza. Wenye bunduki walisimama mwisho wa shamba la mahindi, na Ardis akaingia upande wa pili na sufuria lake na mwiko, kama alivyofanya tangu utoto, kuwafukuza ndege waende kwa wanaume. Katika nyumba ile wasichana hawakushika bunduki. Alipiga sufuria, mabua makavu yakimkwaruza mashavu, na mbele yake majogoo wa fezanti wakaruka kwa kelele, mikia mirefu ikiwaka juani. Kisha akasikia mlio, mzito, usio mkali kama wa plastiki. Alisimama palepale katikati ya mahindi. Hiyo ni yangu, alijisemea. Hakuna aliyekuwepo wa kumsikia.

Walirudi na ndege wanane. Jirani yao, Brekke, alikuja kutazama, wakasimama uani wanakunywa bia, na Craig akanusa ganda tupu kwa mara ya tano.

"Mzee alikuwa fundi," Craig alisema.

"Fundi?" Norval alisema. "Mkono ule, bwana, haukutetemeka."

Ardis alikuwa ameshika ndege wawili kwa miguu. Alimtazama kaka yake, akangoja. Norval akapiga funda la bia.

"Nilizitengeneza mimi," Ardis alisema.

Wote wakageuka.

"Baba hakuweza. Nilizijaza mimi na kuzikunja mimi. Norval alikuwepo."

Norval alicheka, akamgusa Brekke kwa kiwiko. "Ulikuwa unafagia baruti, Ardis! Ulikuwa unafagia na kulala chini ya meza kama paka!"

Brekke akacheka. Craig naye akacheka kidogo, kwa adabu, bila kujua anacheka nini.

Ardis alikwenda bombani kunawa. Norval alimfuata baada ya muda, akasimama karibu, akiongea chini chini.

"Usikasirike."

"Husemi kuwa umesahau?"

"Sijasahau. Nilikuwa pale, nakuona unavyozungusha mpaka unalia." Alipangusa mdomo. "Lakini nimewahadithia watu hivi maisha yangu yote, Ardis. Kwenye mazishi yake nilisema hivyo, mchungaji akarudia. Sasa nikasimame niseme nini? Kwamba baba alikaa anamtazama mtoto wa kike akifanya kazi yake? Wewe hukosi kitu. Baba ana nini kingine?"

"Na mimi nina nini?"

Norval alifikiri kweli kweli. Hilo ndilo lililomuuma Ardis zaidi, kwamba alifikiri na hakupata. "Una jiko lako," alisema. "Kila mtu anasifu mapishi yako. Haya, tuwanyonyoe ndege hawa, jamaa wana njaa."

Ardis aliingia ndani. Beseni la maji ya moto la kunyonyolea lilikuwa tayari juu ya meza. Kwenye rafu zilikuwa zimebaki risasi za kesho, zimekauka vizuri, nyepesi, zinaingia mtutuni bila kusukumwa. Alizikusanya kwenye aproni, akazitumbukiza zote.

Hazikulipuka wala kupiga kelele. Zilizama, kisha mikunjo ikalegea, midomo ikafunguka, na marisau yakaanza kumwagika kwenye kitako cha beseni, machache machache. Rangi nyekundu ikatoka ikapaka maji.

"Ardis!" Norval aliita kutoka mlangoni. "Zile za kesho zime..." Akaona. Alitia mkono kwenye beseni, maji yakamchoma, akautoa. "Umefanya nini? Mungu wangu, umefanya nini?"

"Mwambie Craig baba atatengeneza nyingine."

Norval alisimama pale, mkono unamvuja maji. Halafu akatoka. Kupitia dirishani Ardis alimsikia uani, sauti ya huruma, ile anayotumia kwenye misiba.

"Zimemponyoka, maskini. Zote majini. Msimseme, jamani, mikono imeanza kumtetemeka."