Jicho la Mahamudi na Sifuri ya Hospitali

Mahamudi aliendesha malori miaka thelathini na miwili, na barabara ya kutoka Goma kwenda kaskazini aliijua shimo kwa shimo, hasa yale ya Kalengera yaliyomvunjia springi mara nne. Jicho lake la kushoto lilipotea akiwa bado kijana, jiwe liliporuka na kupasua kioo. Hilo la kuume ndilo lililowalea yeye, mkewe Sumaya na binti yao Asha. Mwaka jana nalo likaanza kuwa jekundu, likauma, likafunikwa na ukungu. Akashuka kwenye lori.

Madaktari wageni walipopita mtaa wa Mapendo kupima watu macho, walimwandikia 6/18 kwenye karatasi, wakampa barua ya kwenda hospitali ya mjini. Huko akapewa dawa ya matone, mara nne kwa siku. Ilikuwa inachoma kama pilipili. Kila mara Sumaya aliacha cherehani yake, akamlaza kichwa mapajani, akamtilia.

Baada ya miezi minne akarudi kupimwa. Muuguzi mmoja, Jean-de-Dieu, alimweka mbele ya ubao wa herufi, akaandika 0,5, akamwambia, "Zéro virgule cinq. Inaendelea, muzee. Urudi kisha mwezi moja." Papo hapo akamwita mgonjwa mwingine, maana foleni ilifika hadi getini.

Mahamudi alitoka na karatasi yake. Shule aliiachia darasa la nne kule Kindu, na sifuri aliyoikumbuka ni ile ya kalamu nyekundu ambayo mwalimu aliizungushia kwenye daftari la mtoto aliyeshindwa. "Nilikuwa na sita, tena na kumi na nane," alijiambia akiwa juu ya pikipiki. "Leo niko na zéro. Na ugonjwa unaendelea, amesema mwenyewe."

Alipofika nyumbani Ndosho, Sumaya aliuliza bila kuinua mguu kwenye pedali ya cherehani, "Wamesemaje, Papa Asha?"

"Wamesema nirudi kisha mwezi moja."

Hakusema uongo, lakini kweli yenyewe aliimeza. Jioni ile alimwambia mkewe kuwa kuanzia sasa atajitilia dawa mwenyewe, asimkatize kazi. Chupa akaisukuma nyuma ya gunia la makaa. Siku ya kwanza ikapita bila tone, na ya pili. Ya nini kumwagilia mti uliokauka?

Siku ya tatu alibeba kisanduku chake cha vyombo, spana zote na jeki, akakipeleka kwa Jumaine, dereva kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi. "Chukua. Mimi nimeisha," akamwambia, akageuka kabla Jumaine hajajibu.

Kesho yake aliporudi kutoka msikitini, saa saba ya mchana, alikuta kisanduku kile kile juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sumaya alikuwa amesimama kando yake.

"Jumaine amekirudisha," alisema. "Anasema umeisha. Umeisha nini?"

Mahamudi akakaa kwenye kiti cha wateja, akamweleza yote, hata ile chupa. Sumaya hakulia wala hakugomba. Alinyoosha mkono tu. "Lete makaratasi yote mawili."

Aliyaweka sambamba, akayatazama muda mrefu, akakunja uso.

"Hizi namba haziko luga moja," akasema. "Huwezi kuzishindanisha hivi. Nieleze kwanza hii sita na kumi na nane."

"Yule munganga alisema mutu wa macho mazima anasoma herufi akiwa kwenye metre kumi na nane. Mimi, mpaka nisogee kwenye sita."

"Sita inaingia mara ngapi ndani ya kumi na nane?"

Mahamudi alihesabu kwa vidole. "Mara tatu."

"Basi ulikuwa na fungu moja, juu ya mafungu matatu." Alivua utepe wa kupimia shingoni mwake, akashika metre moja kamili, akaikunja mafungu matatu sawa, akabana kwa kidole. "Sentimetre thelathini na tatu na kidogo. Jicho lako lilikuwa hapa."

"Na zéro je?"

"Zéro inasema tu metre nzima haijatimia. Si ni kweli? Bado hujapona yote. Mali iko nyuma ya virgule, huu mkato. Wateja wananiandikia zéro virgule cinq kila siku, wanataka nusu metre. Nikiwakatia zéro, si watanipiga?" Akachomeka pini kwenye hamsini. "Thelathini na tatu, na hamsini. Kubwa ni ipi?"

Mahamudi alishikilia. "Lakini sita inapita tano."

"Sita ile ni ya vipande vidogo, kitu kizima kimekatwa kumi na nane. Tano hii ni ya vipande vya kumi, vikubwa. Na huyo muuguzi, ulimuuliza nini kinaendelea?"

"Sikumuuliza."

"Ni jicho, Papa Asha. Jicho linaendelea muzuri."

Mahamudi aliinua kichwa. Ng'ambo ya njia, kwenye ukuta wa duka la Namegabe, kulikuwa na maneno mapya ya rangi ya buluu ambayo hakuwahi kujihangaisha kuyasoma. *Misumari.* *Bati.* Neno la tatu lilikuwa bado na ukungu, lakini hayo mawili aliyasoma kwa sauti, akayarudia. Ukungu ulikuwa umepungua polepole mno, kama mtoto anavyokua mbele ya wazazi wake, na yeye hakuuona ukiondoka.

Kisha hofu ikamshika: siku tatu nzima bila dawa! Walipanda pikipiki moja hadi hospitali alasiri ile ile. Daktari alimulika jicho, akasema wekundu ulikuwa umeanza kurudi ila wamewahi, akaongeza matone kwa wiki mbili. Jean-de-Dieu alipoisikia habari yote, alishika kichwa.

"Kosa ni yangu, muzee. Ningekueleza. Unisamehe."

"Na mimi ningeuliza," Mahamudi akajibu, wakapeana mikono.

Mwezi ulipotimia, ubao wa herufi ulimpa 0,6. Hakungoja kuelezwa. "Imepita ile ya kwanza na ya pili," akasema, na Jean-de-Dieu akacheka akimpigia makofi.

Nyumbani Sumaya alikuwa ameshaweka kitenge mapajani, chupa mkononi. Mahamudi akalala kama kawaida. Alitaka kusema maneno mengi, juu ya cherehani iliyosimama mara nne kila siku, juu ya mchana ule wa makaratasi.

"Mama Asha," akasema mwishowe, "Mungu akulipe. Bila weye ningekuwa gizani, tena kwa kujitakia." Na machozi yakamjaa.

"Aa, hapana!" Sumaya akamfinya shavu. "Utanishukuru kisha. Ukilia sasa, dawa yote inatoka."

Akapangusa jicho lile kwa ncha ya kitenge, akangoja likauke, akadondosha tone.