Kitambaa cha Kobe

Katika mji ule kobe ana haki kuliko wapangaji. Sheria inasema asishikwe, asifungiwe, asihamishwe. Kwa hiyo kila geti lina tundu chini, naye huingia apendapo na kutoka bila kuaga. Wengi hukaa porini, ila mmoja, yule mkubwa mwenye gamba lililobonyea, ni wa mji mzima. Akiingia kwako unafunga kitambaa chekundu getini ili madereva waende polepole, na watu wanakuja kumwona. Wanakuja na watoto, wanaketi, wanachelewa kuondoka.

Mwaka huu aliingia kwa fundi redio. Mke wa fundi alikuwa amefariki, binti yake ameolewa mbali na hupiga simu akikumbuka, na redio zenyewe siku hizi nani anatengeneza? Nyumba ilikuwa kimya hata mzee wa watu akawa anajibizana na taarifa ya habari. Basi kobe alipojichimbia nyuma ya tangi la maji, fundi alifunga kitambaa, akaazima mabenchi, akachemsha chai birika zima. Watu walijaa. Mwenye duka, aliyezoea kumrudishia chenji bila kumtazama usoni, alimuuliza hali na akasubiri jibu. Usiku fundi alilala usingizi wa pono.

Kisha asubuhi moja, nyuma ya tangi palikuwa na shimo tupu. Kitambaa kilipaswa kufunguliwa papo hapo. Hata mtoto wa mji ule anajua. Fundi hakukifungua. Watu walipokuja aliwaambia kobe amelala, wasimsumbue, nao wakanywa chai na kucheka kwa kunong'ona. Alijiambia kesho. Kesho ikaja, akachemsha chai tena. Mtu mzima na mvi zake, uongo wa kitoto.

Siku hiyo aliyetangulia kufika ni jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mkunga mstaafu. Alikuwa na vumbi hadi magotini, na hakuketi.

"Kobe yuko kwangu tangu jana, Fundi."

Fundi aliinamia birika. Akauliza kwa nini basi hakufunga kitambaa.

"Vikionekana viwili, watu watauliza kipi cha kweli. Nikaona nikae tu barabarani niwapungie madereva mkono."

Juani, na miguu yake ile ya kuvimba. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kuomba radhi, likamtoka jingine.

"Wakija, wananiuliza hali."

"Ungetuambia uko mpweke, tungekuja."

"Ningeanzaje, dada? Nisimame dukani niseme?"

Mama wa watu aliyezalisha nusu ya mji akajipangusa vumbi magotini. Fundi akaenda getini, akakifungua kitambaa mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili, na kumsihi achukue na mabenchi. Mkunga akamwambia aje jioni, asikose.

Alikwenda. Walimsogezea nafasi katikati kabisa, akapewa kikombe, akabanana na mwenye duka bega kwa bega. Mkunga alikuwa anahangaika na chai jikoni. Wengine wote walikuwa wamegeukia ukutani, wanamtazama kobe akitafuna jani. Fundi naye akatazama, huku akingoja aulizwe hali. Njiani alikuwa amejiandaa, safari hii ajibu ukweli.