Sahani ya Mama Katungu

Mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalitazamana ndani ya Kisangani na robine za maji zikakauka, lakini Mama Katungu aliendelea na malewa yake pale Mangobo: meza mbili chini ya turubai, samaki, na lituma, ndizi ya kutwanga. Kila mchana, kabla ya mteja wa kwanza, alipakua sahani moja, akaifunika na jani, akaiweka juu ya kabati. Hakuna aliyeigusa mpaka kesho yake.

Mimi nilifika kwa miguu toka Opala, akaniacha nilale barazani. Nilidhani sahani ni ya bwana yake, Télesphore, aliyeteremka mtoni siku ya mapigano, hakurudi. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umemeza barabara, na maporomoko ya Tshopo yalinguruma mbali kama mtu anayeota. Nikaifunua. Nilikula polepole, kama vile Télesphore alikuwa anakula kwa kinywa changu. Nikarudisha jani.

Saa sita akafika Cyprien, ajenti wa usafi, kalamu tatu mfukoni, ijapokuwa ofisi yake haikuwa tena na paa.

"Mama, watu wawili walikula hapa jana, leo wanahara. Iko wapi sahani ya ushahidi, ya chakula cha jana?"

"Iko pale. Kila siku naiweka, vile sheria inasema."

Alifunua jani. Miiba tupu.

"Bon. Bila sahani, nafunga."

Mama Katungu alikaa chini. Malewa ikifungwa, atarudi kwao Butembo, na Télesphore akirudi atakuta mlango wa nani?

"Mimi nilikula," nikasema.

"Papa, ulikula sheria? Saa ngapi?"

"Jua likitoka."

"Na tumbo?"

"Linataka kulala."

Cyprien alifikiri. "Donc wewe ndiye sahani. Kaa kando ya kabati. Ukihara mbele ya jua kuzama, nafunga."

Nikakaa. "Mumufunike na jani," akasema mteja mmoja, "inzi wasimuguse." Mama Katungu alipita na sufuria bila kuniangalia. Joto likanichukua. Niliona mto umejaa sahani zilizofunikwa, zinateremka kimya, na katikati mtu ndani ya pirogi, anafunua moja moja akitafuta yake.

Mkono wa Cyprien juu ya tumbo langu uliniamsha. Jua lilikuwa jekundu. Aliandika karatasi ya ruhusa, na kwa kuwa muhuri uliungua, akapaka wino kidole gumba.

Kesho yake Mama Katungu alifunika sahani mbili.

"Hii ya sheria," aliniambia.

Ile ingine hakusema ni ya nani. Sikuigusa.