Ngozi ya Kuzaliwa

Kwa Élise hapakuwa na mchezo na uso wa mtu. Ukiingia saluni yake nyuma ya soko la Bunia, hata uwe mke wa mkubwa gani, kwanza ulioshwa uso kwa maji ya uvuguvugu, kisha ukaachwa ukae nusu saa nzima bila kupakwa chochote. Hapo ndipo Élise alichukua karatasi laini, akakubandika kwenye paji la uso, puani, mashavuni na kidevuni, akaenda kuitazama mlangoni kwenye mwanga. Ikilowa kote, una ngozi ya mafuta. Ikilowa katikati tu, una mchanganyiko. Ikitoka kavu, nawe unahisi uso unavuta, ni ngozi kavu. Na ikiwa karatasi yenyewe, kukugusa tu, imekuachia wekundu, basi una ngozi nyepesi, na Élise alianza kukukemea hata kabla hujakosa.

Gomaji zake, dawa za kusugulia uso, zilikuwa makopo matatu. La kwanza lilikuwa na unga wa mchele uliosagwa laini, asali na maziwa ya mgando. Hilo ni la ngozi nyepesi, lapakwa kwa ncha za vidole, dakika moja, bila kukandamiza. La pili lilikuwa na sukari na parachichi, la ngozi kavu. La tatu, Yesu wangu, lilikuwa na kahawa ya Djugu iliyotwangwa nusu, chumvi na maji ya ndimu, na hilo ni la ngozi ya mafuta peke yake, ile nene, ya chunusi. Na wale wanaojipakaa mafuta ya kutakatisha? Hao Élise aliwafukuza. Aliwaambia waache mafuta yao miezi miwili, ndipo warudi, maana ngozi iliyochunwa na dawa haina tena cha kusuguliwa.

Jeannine aliyajua yote hayo, kwa sababu Bunia nzima iliyajua. Ndiyo maana miguu ilikuwa mizito asubuhi ile ya Alhamisi alipoongozwa na Mama Brigitte kuvuka kizingiti cha saluni.

Mama Brigitte alikuwa shangazi wa Stéphane, mchumba wake. Kwao, watu wa ng'ombe wa njia ya Bogoro, shangazi wa bwana harusi ndiye anayemwogesha bibi harusi kabla ya siku ya mahari. Zamani walimwogesha nyumbani, kwa maji na samli. Siku hizi shangazi anampeleka saluni, analipa, anaketi, anatazama. Hakuna wa kumkatalia. Mahari ilikuwa Jumamosi. Ng'ombe walikwisha kuchaguliwa, na mama yake Jeannine alikwisha kuwatangazia wanakwaya wote kanisani, mpaka wale asiowapenda.

Na Jeannine alikuwa anajipakaa. Tuseme wazi. Mwaka wa tatu huo, asubuhi na jioni, kopo dogo analolificha ndani ya kiatu. Mchumba wake wa kwanza, Yannick, alimwacha kwa sababu hiyohiyo. Dada zake Yannick walimkuta kisimani amepandisha kitenge, wakapiga kelele mtaa mzima: uso Fanta, magoti Coca! Juma lile Yannick hakuja, wala juma lililofuata. Stéphane alipomuuliza mwanzoni, kwa upole tu, Jeannine alijibu kuwa ni rangi ya kuzaliwa, rangi ya bibi yake mzaa mama. Stéphane aliamini, au alinyamaza. Sasa Jeannine alikuwa na miaka ishirini na saba, baba yake amekufa, wadogo zake wanne wanakula kwa biashara ya maharage ya mama yao. Harusi hii ikivunjika, nyingine haiji. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Waliingia watatu. Wa tatu alikuwa Alphonsine, mke wa kaka yake Stéphane, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyeketi kwenye benchi na karanga zake akaanza kuzimenya.

Élise alimwosha Jeannine uso. Wakangoja. Barabarani gari nyeupe za Umoja wa Mataifa zilipita na askari wao wenye kofia za bluu, na hakuna aliyegeuka kuzitazama. Watu walikwisha kuzizoea, kama walivyozoea kusema kwamba vita imekwisha. Nusu saa ilipotimia, Élise alibandika karatasi. Alipoibandua, shavu lilibaki jekundu, alama ya mraba kabisa. Hakwenda hata mlangoni.

"Dada, weye unajipakaa kitu?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata sabuni ya kutakatisha?"

"Hapana. Ni rangi ya kuzaliwa."

Élise alimshika mkono, akautazama. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi, vyote kumi, na hakuna mtu wa Bunia asiyejua kwamba hapo mafuta ya kutakatisha hayashiki. Akaurudisha mkono ule juu ya kitenge polepole, na badala ya kumfukuza akasema tu, "Nitamupa kopo la kwanza."

"Juu ya nini la kwanza?" Mama Brigitte alisema kutoka kitini kwake. "Mutoto amesema ni ngozi ya Mungu. Ngozi ya Mungu iko na nguvu. Mupe la tatu, ang'ae kabisa."

"Mama, kopo la tatu si la ngozi kama hii. Itamuchoma."

"Itamuchoma juu ya nini? Ama unataka kuniambia bibi arusi wetu ni muongo?"

Alphonsine aliacha karanga moja katikati ya vidole. Jeannine alihisi jasho likimtoka chini ya matiti. Neno moja tu, na uso wake ungepona. Neno hilohilo, na shangazi angesimama, angechukua mkoba wake, na Jumamosi ng'ombe wangebaki Bogoro wakila majani. Alimwona mama yake akipita mbele ya wanakwaya. Aliwasikia dada zake Yannick wakicheka tena kisimani.

Élise aliinama, midomo karibu na sikio lake. "Sema ukweli, dada yangu. Nitawaambia ni upele, nitakusaidia. Lakini sema na miye."

"Ni rangi ya kuzaliwa," Jeannine alisema kwa sauti, wote wasikie.

Hapo Élise alikasirika. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, na zaidi ya yote alichukia mtu anayemdanganya huku amemshika mkono. Waongo walimtesa miaka yote; wanaficha, wanasuguliwa, halafu wanarudi na kaka zao kumvunjia vioo. "Umesema mbele ya hawa wamama?"

"Mbele yao."

"Bon. Funga macho."

Alichota kopo la tatu. Mara ya kwanza Jeannine alihisi baridi tu, harufu ya kahawa na ndimu, karibu harufu nzuri. Kisha ndimu ikapata njia. Iliingia shavuni kama pilipili inavyoingia kwenye kidole kilichokatwa, na nyuma yake ikaja chumvi, na nyuma ya chumvi vidole vya Élise vikizunguka, vikizunguka. Jeannine alikamata mikono ya kiti. Aka! Hakujua kama uso wa mtu una maumivu mengi hivyo ndani yake.

"Unabembeleza," Mama Brigitte alisema. "Sugua."

Élise alisugua.

"Mutoto wangu, inauma?"

"Hapana, shangazi."

"Ulijipakaa siku moja? Hata siku moja ya ujinga? Wasichana wote wanafanya."

Sauti ilikuwa tamu kabisa, sauti ya mtu anayekuvulia kiatu. Jeannine alitaka kulia kwa utamu wake. Aliuma ulimi. "Hapana, shangazi."

Dakika ya pili kahawa ilianza kuwa na rangi nyingine. Élise aliiona kwanza, wekundu ukichanganyika na weusi pembeni ya pua, akasimamisha vidole.

"Dakika ni tatu," alisema Mama Brigitte. "Kila mutu anajua ni tatu. Jeannine, aache?"

Ee Mungu, aseme nini mtu hapo? Akisema aache, ndiyo jibu lenyewe. Jeannine alisikia kichwa kikivuma kama nyuki wameingia, na katika kelele ile alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Aendelee tu. Ngozi yangu ni ya kuzaliwa."

Élise aliendelea mpaka mwisho. Kisha alimwagia maji ya baridi, akamkanda kwa kitambaa, na kitambaa kilipotoka kilikuwa na madoa ya damu pande zote mbili. Kwenye kioo Jeannine aliona nyama. Mashavu yalikuwa yamefunguka, yanatoa maji, na kidevu kilikuwa kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Na yeye alijua, kama wote mle ndani walivyojua, kwamba ngozi ya namna ile ikipona hairudi kama zamani. Inarudi nyeusi, kwa mabaka, na mabaka hayo hayatoki.

Élise alitupa kitambaa chini. "Nimemaliza na nyinyi!"

"Bado," alisema Mama Brigitte. Alifungua kilemba, akaketi kwenye kiti kingine, akaegemea. "Miye kopo la kwanza, Élise. Polepole, na bila ndimu. Unajua najipakaa tangu mutoto wangu wa pili. Mume wangu alipenda."

Akacheka. Alicheka wazi, kwa meno yote, bila kupunguza sauti, na Alphonsine akacheka naye kidogo, macho chini. Élise alibaki amesimama na mikono inadondosha maji. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, na sheria yake alikwisha kuivunja siku ile, alimpaka unga wa mchele usoni, akabeba makopo yake na kitambaa chenye damu, akatoka uani kwenye bomba akisonya.

Jeannine alimgeukia shangazi. Kila neno lilimvuta ngozi. "Shangazi, ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Vidole vyako vilinisalimia kabla yako." Uso wote wa Mama Brigitte ulikuwa mweupe kwa unga, mdomo tu ndio uliocheza. Sasa alisema kwa sauti ya chini, upesi, maana maji ya bomba yalisikika uani. "Sikia. Ile nyumba utaolewa ndani, ya njia ya uwanja wa ndege, iko na mwenyewe. Alikimbia wakati wa vita, siye tukaingia. Sasa watu wanasema amani, amani, na yeye ameandika barua. Mwezi ujao tunaitwa kortini, mbele ya juji. Ni muzee mmoja wa kwenu, Mumbere, aliyekuwa anauza bati."

Jeannine alimjua Mzee Mumbere. Alikuwa rafiki wa baba yake tangu Butembo, kwao wote wawili. Ndiye aliyeshika mbele ya jeneza siku walipomzika baba.

"Marehemu baba yako alinunua nyumba ile kwa Mumbere, mbele ya vita kuanza," Mama Brigitte alisema. "Karatasi iko, tumeitafuta, tumeipata. Weye ni mutoto wa kwanza, unaileta kwetu pamoja na ndoa. Hakuna zaidi. Lakini watakuuliza. Wakili atakuuliza mara tano, atakuita muongo, muzee atalia mbele yako. Wanaume wetu wanavunjika haraka. Nilitaka muke ambaye akichomwa anajibu neno lilelile alilojibu kwanza."

"Na kama leo ningesema ukweli?"

"Ungerudi kwa mama yako na uso wako muzuri. Na tungetafuta mwingine wa kwenu." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anaeleza bei ya nyanya.

Jeannine alimtazama Alphonsine, akitafuta hata jicho moja la kumwonea huruma. Alphonsine alipangusa maganda ya karanga mapajani. "Miye walinipima kwa njia ingine," alisema. "Zoea tu, mama. Inapoa."

Chuki ilimpanda Jeannine, chuki safi, na cha kumtisha ni kwamba haikuwa na mahali pa kwenda. Angesimama, angetoka, angepita sokoni na uso ule, kila muuza mboga angeuliza, na angewajibu nini? Uso aliokuwa nao jana ndio ulikuwa mali yake pekee, na alikuwa ameulipa tayari, hapo kitini, kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa alichonunua kwao kilikuwa harusi tu. Akiiacha harusi, anabaki na mabaka. Alihesabu hivyo, na aliona aibu kwa jinsi alivyohesabu haraka.

Uani bomba lilifungwa. Hatua za Élise zilianza kurudi.

"Nyumba ile ya njia ya uwanja," Mama Brigitte aliuliza, kwa ile sauti tamu, "ilikuwa ya nani?"

Maji ya jeraha yalimteremka Jeannine mpaka pembe ya mdomo, yana chumvi.

"Ya baba yangu," alisema.

"Muzee Mumbere anasema ni yake."

"Muzee Mumbere anasema uongo. Alimuuzia baba yangu. Nilikuwepo."

Hilo la kuwepo hakuna aliyemfundisha. Mama Brigitte alifumba macho chini ya unga wa mchele na kuegemea tena, ametulia kabisa, akasubiri dakika yake moja iishe.