Mbuzi wa Suluhu

Paskazia alikuwa balozi wa nyumba kumi huko Nyahanga, Kahama, na katika nyumba zake zote hakuna ndoa iliyowahi kuvunjika. Jambo hili alilisema mwenyewe, na kama hukulisikia basi hukuwahi kukaa naye. Zilikuwepo ndoa ambazo zingefaa zivunjike, tena mapema, lakini hazikuvunjika, na sifa ilikuwa yake.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mke akipigwa, anakimbilia kwa Paskazia, analala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mpunga. Asubuhi mume anapelekewa ujumbe. Anakuja na wazee, anakalishwa kwenye kigoda kifupi ili magoti yamfike kidevuni na aibu imwingie vizuri, anasemwa, anakiri, analeta mbuzi. Mbuzi anachinjwa, balozi na wazee wanakula, mke anakula kidogo maana mara nyingi taya linamuuma, kisha anarudi kwake. Watu wa mitaa mingine walikuja kujifunza inavyofanyika.

Mageni, mke wa Lubinza mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa amerudishwa mara nyingi hadi akawa na mkeka wake mle chumbani. Sikio lake la kushoto lilikwisha kuacha kazi. Paskazia alimhesabu Mageni kuwa ushindi wake mkubwa.

Basi mwaka ule wa mvua za elnino, Jumapili moja mchana, Paskazia alikuwa amerudi kanisani, amevua sare ya kwaya, anapepeta mchele uani, mara akaingia kijana mmoja jina lake Nkwabi. Nkwabi aliishi nyumba ya jirani pamoja na Bartholomeo, mnunuzi wa dhahabu. Walikutana machimboni upande wa Geita, wakichimba duara moja, yaani shimo moja. Baadaye Bartholomeo akapata, akaacha kuchimba akaanza kununua, akapanga nyumba ya bati pale Nyahanga na kumtambulisha Nkwabi kwa majirani kuwa ni mdogo wake. Mmoja alikuwa Mhaya, mwingine Msukuma. Mtaa haukuuliza, kwa sababu Bartholomeo alitoa saruji ya kanisa, na mtu akishatoa saruji huwa na ndugu wa kabila lolote analotaka.

Nkwabi alikuwa amefungwa mkono kwa kanga na jicho moja limezibwa na uvimbe. Aliamkia, akaitikiwa, akaomba mahali pa kulala. Hospitali walikuwa wamemwandika kuwa ameanguka na baiskeli. Walikwisha kumwandika hivyo mara kadhaa, na baiskeli hakuwa nayo.

Paskazia alimuuliza nani kamfanyia vile. Aliposikia ni Bartholomeo akaendelea kupepeta, akamwambia mambo ya dhahabu hayana balozi, waende wakagawane vizuri kama watu wazima.

"Si dhahabu, mayu," Nkwabi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ananipiga kama Lubinza anavyompiga Mageni."

Ungo ukasimama. Paskazia hakuwa mshamba. Alijua kuwa wanaume wa namna hiyo wapo, ila siku zote aliamini wapo Mwanza. Hakuwahi kufikiri kwamba wanaweza kupanga nyumba jirani na yake, wakatoa mchango wa ulinzi kwa wakati na kumsaidia kubeba magunia. Akasali Salamu Maria moja kimoyomoyo, na aliposhindwa kupata jibu humo akamwambia aketi.

Shida ya Nkwabi ilikuwa hii. Mke akipigwa ana kwao. Nkwabi naye alikuwa na kwao, lakini baba yake alikwisha kutuma salamu kwamba asipite hata barabarani. Mke akipigwa anaweza kwenda polisi, hata kama huko watamwambia akapike. Nkwabi polisi hakuweza kukanyaga, kwa kuwa sheria ilikuwa na jina la kosa lake yeye kabla ya kufika kwenye la Bartholomeo. Paskazia aliyapima yote haya, akaingiwa na hofu, halafu akaingiwa na huruma. Alipokuwa na hofu na huruma kwa pamoja hakuwa na namna nyingine ya kufanya kazi isipokuwa ile aliyoizoea. Akatuma ujumbe kwa Bartholomeo.

Bartholomeo alikuja kesho yake. Kwa kuwa jambo lilikuwa la kufichwa, alikuja peke yake bila wazee, lakini mengine yote aliyatimiza. Alikwenda mwenyewe kwenye kigoda kifupi bila kuonyeshwa. Alisemwa akainamisha kichwa. Alikiri kwa sauti ya chini, akaomba radhi, machozi yakamtoka, na mbuzi alikuwa ameshamfunga mlangoni kabla hajaulizwa. Tangu Paskazia awe balozi hakuna mume aliyewahi kuufuata utaratibu vizuri namna ile. Wengine walikuja wamelewa, wengine walileta beberu mwenye upele. Paskazia aliridhika kabisa. Akawashikisha mikono, akamwambia Nkwabi ajitahidi kutomkasirisha mwenzake, na Nkwabi akarudi.

Hazikutimia wiki mbili akaletwa na mkokoteni wa maji. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na alikuwa anahema kwa shida. Siku hiyo Mageni naye alikuwa pale, kwenye mkeka wake, akimsubiri Lubinza afike na wazee. Paskazia alichemsha maji, akamkanda kijana, na kwa mshangao wa kweli akauliza imekuwaje tena wakati mambo yalikwisha.

"Ni yule mbuzi, mayu," Nkwabi alisema. "Ananiambia nimemdhalilisha akakaa chini kama mtoto, na mbuzi wake akaliwa. Alikuwa anamtaja mbuzi kila akinipiga."

Paskazia akasema huyo Bartholomeo ni shetani wa peke yake. Mageni aligeuza sikio lake zima upande wao.

"Si wa peke yake," alisema. "Lubinza naye humtaja. Kila mbuzi uliyemla hapa, mayu, mimi ndiye niliyemlipia nyumbani."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Paskazia aliendelea kumkanda kijana bega ambalo halikuvunjika, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwarudisha watu kwenye nyumba asizolala, akibaki nje na mfupa wa paja la mbuzi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Jioni Lubinza alikuja na mbuzi na wazee, na Mageni akarudi naye, kwa sababu wazee walikuwa wameshafika na Paskazia hakupata neno la kuwazuia. Yeye hakuigusa nyama. Wazee walidhani ana malaria.

Nkwabi alibaki. Sasa likaja suala la mahali pa kumlaza, kwa kuwa chumba cha nyuma kilikuwa cha wanawake wanaokimbia wanaume, na ukiwawekea mwanamume humo unakuwa umewachekesha. Paskazia akamtandikia sebuleni, mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe. Paskazia alikuwa mjane. Kijana alikuwa na sura nzuri uvimbe ulipopungua. Mtaa wa Nyahanga haukuhitaji zaidi ya hapo.

Maneno yalianzia bombani yakafika kwenye kwaya. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Generosa, aliyeimba naye sauti ya pili, alimuuliza kwa upole kama kweli yule kijana anakanda unga, na si unga wa chapati alioumaanisha. Paskazia aliwaka hasira, akarudi nyumbani akitaka kumwambia Nkwabi afungashe virago. Alimkuta anajaribu kufagia kwa mkono mmoja, akamkuta amefagia vibaya, akachukua ufagio akamalizia mwenyewe. Suala la virago halikuzungumzwa.

Bartholomeo hakuwa mtu wa kuachwa. Alikwenda kwa Mzee Gregory, mwenyekiti wa mtaa, akalalamika kwa heshima zote kwamba mdogo wake ni mgonjwa, nyumbani kwao wanamuulizia, na balozi amemzuia bila sababu inayojulikana. Baraza likaitishwa uani kwa Paskazia, kwa mabenchi ya kuazima mgahawani. Bartholomeo alifika amevaa suti, anaswaga mbuzi wawili.

Asubuhi hiyo, kabla wazee hawajaingia, Nkwabi alimwambia Paskazia kwamba wakiamua arudi atarudi, maana hana uwezo wa kubishana na wazee, ila safari hii asitegemee kumwona akija kumwamkia tena. Alilisema hilo huku akimpangia mabenchi. Paskazia alijua kuwa ni kweli. Alijua pia kwamba kijana akiulizwa barazani atasema yote, kwa kuwa alikuwa amechoka, na akisema yote atawekwa ndani yeye, huku mwenye saruji akitafutiwa njia.

Mzee Gregory alifungua kwa sala. Bartholomeo akaeleza, akaeleza vizuri sana, wazee wakatikisa vichwa vya kuridhika. Kisha Mzee Gregory akauliza swali ambalo hata mtu mwenye akili ya kawaida angeliuliza: kijana ana nyumba, ana kaka anayemtunza, anafanya nini kwa mjane? Nkwabi akasimama. Akalamba midomo. Paskazia naye akasimama kabla neno halijatoka.

"Kaa chini, baba," alimwambia. Akawageukia wazee. "Yuko hapa kwa sababu nimemtaka mimi."

Mzee Gregory aliuliza, kwa matumaini, amemtaka kwa kazi gani.

"Kazi hana. Nimemtaka kama mwanamke anavyomtaka mwanamume. Mimi ni mjane, sijamwibia mtu mume. Kama kuna mwenye kujua vinginevyo, na aseme hapa hapa."

Akamtazama Bartholomeo. Wazee nao wakamtazama Bartholomeo. Katika watu wote waliokaa pale uani, ni yeye peke yake aliyejua kwa hakika kwamba mama huyu anasema uongo, na hakuweza kusema anajuaje. Akatoa leso ya suti akajifuta shingo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Nyahanga akakosa la kusema kwa heshima. Paskazia alisikia raha mbaya sana, raha ambayo angepaswa kuipeleka kitubioni, ila hakuipeleka.

Mzee Gregory akasema baraza limesikia. Akasema pia kwamba balozi anayelala na vijana hawezi kusuluhisha ndoa za watu, na hili kila mtu aliliona kuwa la haki. Ubalozi ukapewa mzee mmoja mwenye wake wawili. Kwenye kwaya hawakumfukuza Paskazia. Walimwomba apumzike hadi atakapojisikia vizuri, huku akiwa mzima kama kigongo. Bartholomeo aliondoka na mbuzi wake wote wawili, akakaa siku chache, halafu akahamia Geita. Kanisani walimuaga kwa wimbo.

Usidhani Paskazia hakuumia. Aliumia sana. Alipofua sare ya kwaya ili airudishe, alilia juu ya beseni hadi maji yakaingia chumvi. Mwanawe Mayala, mwalimu Shinyanga mjini, alituma salamu kwamba Krismasi hatakuja, na kwamba mama akamwombe radhi marehemu baba. Angeweza kumjibu kwa maneno machache tu na mtoto angemrudia. Lakini siri ile haikuwa yake kuigawa, hata kwa mtoto wa tumboni mwake, na hakuigawa. Nkwabi alimwambia aandike, kwamba yeye yuko tayari lijulikane. Paskazia alimjibu akalete maji.

Balozi mpya alianza kazi kwa bidii. Aliuchukua utaratibu wote kama ulivyokuwa na akanunua vigoda vipya. Paskazia alisikia kelele za suluhu kutoka upande wa pili wa mtaa, akasikia na harufu ya nyama. Aliona kuwa sasa hana kazi duniani isipokuwa kumkanda bega kijana ambaye mtaa ulidhani anamkanda vinginevyo. Chumba cha nyuma kilibaki na magunia.

Alasiri moja ya siku ya kawaida, Nkwabi akiwa anatengeneza redio ya mtu sebuleni, Mageni aliingia uani. Hakuja mbio. Hakuwa na jeraha jipya. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, na kichwani ana furushi la nguo pamoja na sufuria. Hakulitua. Alisimama katikati ya ua akamgeuzia Paskazia sikio lake zima.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

"Wanasema wamekunyang'anya ubalozi."

"Wameninyang'anya."

"Kwa hiyo huna tena mamlaka ya kunirudisha."

Paskazia alifikiri, kwa sababu alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo, akaona kwamba kweli hana.

"Sina," alisema.

Mageni akatua furushi.