Mgogoro wa Thamesmead na Hounslow

Mwaka ule vita vya Ghuba vilipokwisha, kila mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa London alitaka kuandika juu ya Kuwait. Mardhiya aliandika juu ya baba yake.

Si kwamba hana adabu. Mwalimu wake, Dokta Lata, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyehamia Kingsbury, alikuwa keshachoka kusoma habari za visima vya mafuta. Alimwambia atafute mgogoro mdogo wenye pande mbili, unaoonesha vipi vita baridi vya wakubwa viliingia mpaka majikoni mwa watu. Mardhiya hakwenda mbali. Baba yake, Mzee Hamad, alikaa Thamesmead, mashariki ya London. Ami yake, Abdulwakil, alikaa Hounslow, magharibi. Ndugu hao, baba mmoja mama mmoja, hawakuwahi kuamkiana tangu mapinduzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Zamani Unguja wote wawili walikuwa wafuasi wa chama cha Hizbu. Kisha Hamad akawafuata Makomredi wa siasa za kushoto waliojitoa, akawa anazungumza habari za Havana utadhani ni mtaani Mwembetanga. Abdulwakil akabaki chamani. Mapinduzi yalipokuja kuiangusha Hizbu, Abdulwakil akatiwa ndani, naye Hamad akapewa ofisi yenye feni. Hakwenda kumtazama mdogo wake gerezani hata siku moja, kwa kuchelea kuikosa ile feni. Miaka ikapita, mambo yakageuka, Hamad naye akatiwa ndani. Wakati huo Abdulwakil keshafunguliwa, keshafika London, anapakia mizigo Heathrow, na hakumpelekea mke wa kaka yake hata neno la pole. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa na kosa moja tu, na lilikuwa lile lile.

Hamad alipofunguliwa, na yeye akaja London. Kwenye hitma, mmoja akikaa kulia, mwengine hukaa kushoto. Watu walishazoea. Mtu akiwaalika hupanga viatu vyao mbalimbali mlangoni, mambo yakaenda.

Dokta Lata alilipenda wazo, lakini alitoa sharti. "Mtafiti habebi maneno," alisema. "Analokwambia huyu, yule asilisikie kutoka kwako. Siku utakayobeba, wewe si mtafiti tena, umeshaingia vitani, na tasnifu yako siisomi."

Mardhiya aliitikia kwa moyo wote. Bila ya tasnifu hapana digrii, na nafasi ya kuendelea na masomo aliyoahidiwa ilitaka alama za juu kabisa. Msichana huyu tangu mdogo hakuwa anajua kushika namba mbili.

Akaanza na baba yake. Akaweka mashine ya kaseti juu ya meza, baina ya birika na sahani ya visheti.

"Baba, chanzo cha mgogoro ni nini?"

"Mgogoro gani? Mimi sina mgogoro na mtu. Mwenye mgogoro ni yeye."

Wiki ya pili akaenda Hounslow. Ami Abdulwakil alimkaribisha, akamkalisha, akamsikiliza kwa heshima.

"Mgogoro gani, mwanangu? Mimi sina mgogoro na mtu. Mwenye mgogoro ni yeye."

Mardhiya alirudi nyumbani anacheka peke yake kwenye treni. Ushahidi wa namna hii hata Umoja wa Mataifa hawaupati! Sura ya nne ikajiandika yenyewe: pande zote mbili hazina nia ya kupatana, na hapana dalili kwamba zitakuwa nayo. Dokta Lata akaisoma, akaandika pembeni kwamba ni nzuri mno.

Ilibaki wiki moja ya kukabidhi. Jumatatu Mardhiya akaenda Hounslow kwa mahojiano ya mwisho. Ami alikuwa kakunja nguo zake zote kitandani. Huko nyumbani watu walianza kunong'ona habari za vyama vingi, naye kaamua kurudi moja kwa moja, akazeekee kwao. Ndege yake ilikuwa Jumapili. Alijibu maswali yote kama kawaida yake, yaani hakujibu hata moja. Kisha akasema, "Zima mashine yako hiyo."

Mardhiya akaizima.

"Baba yako nisalimie. Mwambie naondoka Jumapili. Akija kuniaga, nitafurahi."

Ee Mola! Kwa Wazanzibari, salamu ukikabidhiwa ni amana. Mtu huvuka mji mzima na mafua yake akaifikishe, na asipoifikisha usingizi haumjii. Mardhiya aliyajua hayo tangu hajaota meno. Alipanda treni, akapanda basi, na njia nzima akaitazama sura ya nne inavyoporomoka.

Nyumbani akamkuta baba yake hajala, anamsubiri. Msikitini walishampa habari.

"Nasikia yule anaondoka," Hamad alisema, macho kwenye sahani. "Ukimwona nisalimie. Muulize kama atapenda nimsindikize."

Mama yake, Bi Mwanamwema, alisimama na upawa mkononi, mchuzi unamdondokea mguuni, asiupanguse kwa kuogopa kuharibu.

Basi huyo Mardhiya, salamu mbili kifuani, moja ya huku, moja ya kule, na alikuwa ni yeye tu wa kufumbua mdomo. Akaingia chumbani akakaa juu ya kitanda, akaona aibu, kisha akalikumbuka sharti. Mtafiti habebi maneno. Hakulitunga yeye, kalitunga Dokta Lata. Tasnifu inakabidhiwa Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo, akishaitoa mkononi, atazifikisha salamu zote mbili, na mpaka Jumapili ni muda tele. Watu waliokaa miaka yote hiyo watashindwa na siku hizo chache? Akalala vizuri.

Jumanne jioni Hamad akauliza, "Ami yako kasemaje?"

"Sijamwona bado, Baba."

Jumatano akauliza tena. Kanzu yake ya Idi ilikuwa keshaipiga pasi, kaitundika nyuma ya mlango. Mngeuliza kwa nini asinyanyue simu mwenyewe. Aka! Mtu hakai miaka yote hiyo kanuna, halafu akapiga simu tu kama anaulizia saa ya basi. Lazima ajue kwanza kwamba mlango u wazi. Alhamisi hakuuliza kitu. Aliirudisha kanzu kabatini.

Ijumaa Mardhiya akakabidhi tasnifu, Dokta Lata akampa mkono, naye akakimbilia kibanda cha simu nje ya chuo. Akapokea Balbir, Kalasinga wa Nairobi, mwenye nyumba wa ami.

"Wakil? Kaondoka jana. Alibadilisha tiketi, alisema hapa hana anayemngoja."

"Jana?"

"Tangu Jumanne alikuwa amekaa hapa karibu na simu, chakula nampelekea hapo hapo. Namuuliza, unangoja nani? Ananiambia, hapana mtu."

Mardhiya alikwenda nyumbani akamwambia baba yake yote, hakuficha. Alilia sana. Hamad alimwacha amalize.

"Alisema nikija atafurahi?"

"Ndiyo, Baba."

"Jumatatu."

"Jumatatu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Mardhiya akamweleza sharti la watafiti, na alama, na ile nafasi ya masomo. Hamad alitikisa kichwa taratibu. Aliwahi kuwa mtu wa serikali, na masharti ya kazi aliyaelewa vizuri.

Alipiga simu Unguja. Abdulwakil hakuja kuipokea. Akaandika barua akaeleza kila kitu, na jibu likaja kwa mdomo wa watu, mbio kuliko ndege: kaka yangu nilimtumia salamu akazitupa, sasa anamsingizia mtoto. Hapo tena, wallahi, hata viatu vyao visingekaa mlango mmoja.

Matokeo yakatoka. Mardhiya akapata alama za juu kabisa. Msahihishaji alisifu hasa sura ya nne, akasema mwandishi kaona mbali, maana kwa alivyosikia, yaliyotokea baadaye yamemthibitisha. Bi Mwanamwema akapika biriani, lakini yeye mwenyewe hakula.

Mwezi wa saba chuo kikamlipia Mardhiya safari ya utafiti Unguja. Asubuhi ya kuondoka flati ilijaa watu. Huyu anampa dawa za mama yake, yule miwani ya shangazi yake, na kila mmoja na salamu zake: nisalimie fulani, usimsahau fulani. Mardhiya aliziitikia zote, moja moja. Hamad akalibeba sanduku mpaka kwenye lifti.

"Baba," Mardhiya alisema, "ami nimwambie nini?"

"Salamu zangu nimempa Kishor."

Kishor ni mwenye duka wa Kingsbury, mzaliwa wa Mkunazini kule Unguja, na London nzima inajua kwamba aliwahi kusahau arusi ya binti yake.

"Kishor anasafiri mwezi ujao, Baba! Mimi nafika kesho."

"Najua," alisema Hamad. Akamwombea dua ya safari, akaliingiza sanduku kwenye lifti, akarudi ndani kwa wageni.